Hodi Kutoka Ndani

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyosikia mtu akibisha hodi ndani ya simu, na wenye nyumba wakajifanya hawakusikia.

Usiniharakishe, nitafika. Wewe na wenzako mnanifuata kila baada ya ibada kuniuliza shule ya kutibu usemi inaombwaje, na mnaniita mzee kwa kuwa mvi zimeniwahi. Uzee huo naupokea, una faida yake, mzee hakatizwi maneno. Mambo ya barua za walimu na mtihani wa kuingilia yote yameandikwa kwenye kurasa za vyuo, na ninyi ni wepesi wa simu kuliko mimi. Nitakusimulia kitu ambacho huko hakimo.

Ulikuwa mwisho wa mwaka 2015, Louisville. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza, mchana napanga vifurushi ghalani, jioni naandika maombi ya shule ya juu. Niliitaka kazi hii kuliko nilivyotaka kuolewa, na Mama aliliona hilo kuwa msiba. Nilitaka kuwa mtu wa kukaa na mtoto anayechelewa kusema, na mwenye kigugumizi, na mtu mzima aliyepigwa na kiharusi akaamka maneno yamemtoka. Niliomba vyuo vitatu, kimoja palepale Louisville, cha pili Columbus, cha tatu Buffalo. Nilikuwa nimemwahidi Mama kwamba vikikataa vyote nitaacha habari hizo na kuchukua kazi ya kudumu ghalani. Chuo cha Buffalo sikukichagua kwa sifa zake. Nilikichagua kwa sababu Koko alikuwa mji huo.

Koko alikuwa mama yake baba yangu. Sisi watu wa Fizi, kule Kongo, ndivyo tunavyomwita nyanya. Katika kambi ya wakimbizi Kigoma, Mama akiwa sokoni, Koko ndiye aliyenilea. Nyumba yetu haikuwa na mlango, ilikuwa na pazia la kitenge kilichopauka, na Koko alisema nyumba ya pazia inafungwa kwa adabu tu. Mtoto akiingia bila kubisha, au akabisha na kuingia kabla ya kuitikiwa, alirudishwa nje akaanze upya. Mimi nimewahi kurudishwa nje mvua inanyesha. Nilisimama pale nimelowa, nasema hodi, yeye ananisikiliza tu, mpaka aliporidhika ndipo akasema karibu. Na neno hilo likitoka kwa Koko lilishibisha. Ukiitikiwa na yeye ulijua kwamba kuna mahali unatakiwa.

Tulipoletwa Marekani tuligawanywa. Mimi na Mama tukaletwa Louisville, na Koko akapelekwa Buffalo pamoja na familia ya Baba Mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yangu. Miaka ikapita tunaongea kwa simu. Kisha Koko akapatwa na kiharusi, akalazwa, akarudi nyumbani, na tangu hapo kila nilipoomba kuongea naye niliambiwa amelala.

Siku hiyo ninayoikumbuka, Baba Mdogo alikuwa ananiuliza maombi yangu yamefika wapi. Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke ikisema hodi. Ilikuwa sauti nyepesi, ya kuvuta, ya mtu aliyesimama uani na mzigo kichwani.

"Baba mudogo, kuko mutu ku mulango," nikamwambia. "Mufungulie kwanza, nitangoja."

"Hakuna mutu."

"Lakini minasikia hodi."

Ikasikika tena, safari hii karibu kabisa na simu.

"Bon, tutaongea siku ingine," akasema, akakata.

Nilibaki nimeshika simu. Nilijiambia ni televisheni, maana mtu akitaka kudanganyika hakosi kitu cha kumsaidia.

Baada ya Krismasi chuo cha Louisville kikanikataa kwa barua pepe yenye maneno mazuri sana. Columbus wakaniita kwa mahojiano, na Buffalo nao wakaniita wiki hiyohiyo. Nikaomba ruhusa kazini, nikaazima koti jeusi kwa dada mmoja wa kwaya, nikapanda basi.

Sasa sikiliza yaliyonipata Columbus. Nilifika mapema, nikaelekezwa kwenye korido ndefu ambayo milango yake yote ilifanana. Mlango wangu ulikuwa wazi nusu. Niligonga taratibu, nikasema hodi kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, bila hata kujijua. Halafu nikafanya kama nilivyofundishwa kwenye pazia la kitenge. Nikasimama pembeni, mahali ambapo macho yangu hayawezi kuchungulia ndani, nikangoja kuitikiwa.

Ndani nilisikia vikombe vikiguswa na watu wakizungumza polepole. Wakanyamaza. Wakazungumza tena. Nadhani walikuwa wananingoja niingie, na mimi nilikuwa nawangoja waseme niingie. Wanafunzi walipita koridoni na hakuna aliyenitazama. Muda ulivyozidi kwenda likanijia wazo la ajabu, kwamba pengine sipo, kwamba mimi ni ile hodi tu niliyoisema, na hata hiyo hakuna aliyeisikia. Niliitazama mikono yangu kuhakikisha. Wewe cheka. Ninyi mnaoingia vyumbani mwa watu macho yakiwa kwenye simu, haya hayatawapata.

Mwishowe mwanamke mmoja akatoka, akashangaa kunikuta, akasema walidhani sikuja. Muda uliobaki ulikuwa mdogo. Waliniuliza kwa nini naitaka kazi hii, nikawapa jibu nililolikariri ndani ya basi, na nikaona kwamba hakuna aliyeandika kitu. Niliondoka najua kwamba Columbus imekwenda. Ilibaki Buffalo peke yake.

Nyumba ya Baba Mdogo iko mtaa wa Black Rock, nyumba kuukuu ya mbao, karibu na mto na njia ya treni. Theluji ilikuwa imerundikana pande mbili za ngazi. Nilipanda, nikagonga, nikasema hodi.

Kutoka ndani sauti ikajibu, "Hodi."

Nilidhani ni mzaha wa watoto. Nikasema tena kwa nguvu, "Hodi, wenyewe!"

"Hodi," ikasema ile sauti ya kuvuta, upande wa pili wa ubao.

Mwanangu, nimeishi na hodi tangu utotoni, na sijawahi kuikuta iko ndani ya nyumba inamngoja mtu wa nje. Miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe. Kama Baba Mdogo asingefungua mlango wakati ule, nadhani ningeteremka zile ngazi na kurudi stesheni na koti langu la kuazima.

Koko alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, mkono wa kulia umelala mapajani, blanketi magotini. Alikuwa amekonda. Nilipiga magoti nikamsalimu, akanitazama kama mtu anavyoitazama nyumba iliyoshushwa mapazia, akitafuta kama kuna watu. Kisha akafungua kinywa akasema hodi, na haikuwa sauti yake niliyoizoea. Ilikuwa ya msichana.

Kila aliposema, wote waliokuwamo sebuleni waligeuka kuutazama mlango. Watoto walivaa visikizi masikioni kutwa nzima, ukiwaongelesha wanakujibu Kiingereza bila kuvivua. Televisheni iliunguruma. Juu ya fremu za milango yote palikuwa na alama za mafuta ya maombi, yameshika vumbi. Treni ilipopita, vyombo vililia kabatini na kitasa cha mlango wa mbele kikatetemeka, na Mama Riziki, mke wa Baba Mdogo, akafunga macho mpaka kikatulia.

Ni yeye aliyenieleza, jikoni, akiwa ananipa mgongo anakoroga ugali.

"Alirudiaka toka hopitali na ile neno moya tu. Siku ya kwanza sikuyua kama ni yeye. Nilikuwa huku, nikasikia hodi, nikayua ni wageni, nikaitikia karibu." Akaacha kukoroga. "Saa ileile njo simu ililia. Kaka yangu alikufa Uvira. Donc, tangu siku ile hakuna mutu anaitikia. Banamaombi ba kanisa balikuja, baliomba, nabo habarudiake tena. Na weye usiitikiye. Kesho kutwa uko na intavyu, usijifungulie mulango ya mabaya."

Nilimwambia pole. Ningeweza kumwambia na jingine. Darasani tulifundishwa kwamba kiharusi kinaweza kuyafagia maneno yote ya mtu na kuacha moja, na hilo moja likawa linatoka kwa kila jambo, kwa njaa, kwa baridi, kwa hasira. Nililijua hilo vizuri, nilipata nalo alama nzuri kwenye mtihani. Lakini nilipokaa na Koko na akasema hodi, mimi pia niligeuka kuutazama mlango. Elimu ilikuwa kichwani, ila shingo iliwafuata wenzangu. Nilikuwa nimebakiwa na chuo kimoja duniani, na nilimwogopa mwanamke aliyenilea.

Siku iliyofuata, alasiri, nilikaa mezani najizoeza majibu. Jibu la kwanza lilisema kwamba nataka kuwapa sauti watu wasio na sauti. Nililirudia kwa kunong'ona, na Koko akiwa kitini kwake anasema hodi, mimi nanong'ona, yeye anabisha, mpaka nikawa napandisha sauti ili nisimsikie.

Mlango ukagongwa kwelikweli. Alikuwa Bi Mwajuma, mama mmoja wa Kiislamu wa Ujiji mwenye duka la vyakula Grant Street. Nilimjua kwa simulizi za Koko. Alikuwa mkubwa wa umbo na wa amri, na wateja walimwogopa kidogo. Alisimama nje, akabisha, akangoja, na Mama Riziki akatazama kwanza dirishani ndipo akamkaribisha kwa sauti ndogo. Bi Mwajuma aliingia na mfuko wa dagaa wa kutoka ziwani, akakung'uta theluji, akaketi mbele ya Koko.

"Nimemkosa dukani miezi," akasema. "Huyu ndiye mtu pekee aliyekuwa akisimama nje ya duka langu na kubisha hodi. Dukani! Wateja wanampita, yeye kasimama, mpaka nimwitikie. Nikamzoea."

"Hodi," akasema Koko.

Sote tukautazama mlango. Bi Mwajuma hakuutazama. Alitutazama sisi, mmoja baada ya mwingine.

"Mbona hakuna anayemwitikia?"

Mama Riziki akamweleza habari ya simu na ya kaka yake. Bi Mwajuma alimsikiliza mpaka mwisho, akamrehemu marehemu, akampa pole kwa maneno ya kutosha. Halafu akanigeukia mimi na karatasi zangu.

"Na wewe ndiye mjukuu anayetaka kusomea kuwarudishia watu maneno?"

"Ndiyo, Bi."

"Huyu amebakiwa na moja. Umemjibu?"

Nilisema sijui kitakachoingia nikiitikia. Ndiyo, mwanangu, mimi, na shahada yangu.

"Mnautazama mlango kama kuna mtu nyuma yake," akasema Bi Mwajuma. "Mwenye kubisha si huyu hapa? Hajabisha kwa niaba ya mtu. Ninyi mko ndani, yeye yuko nje, na mmemwacha barazani na baridi yote hii. Kesho utakwenda kuwaambia wazungu nini?"

Nilimtazama Koko, nikaona jambo ambalo lilikuwa wazi tangu nifike. Aliposema hodi hakuutazama mlango hata kidogo. Alikuwa anatutazama sisi. Kumbe yale macho yaliyokuwa yanatafuta watu nyuma ya pazia yalikuwa yanatafuta watu kweli, na watu wenyewe tulikuwa sisi, tumekaa kimya ndani kama wenye nyumba wanaojificha.

"Basi mwitikie wewe, Bi," nikasema.

"Mimi ni mgeni. Mgeni hamkaribishi mtu katika nyumba ya watu. Wewe ni mtoto wa humu."

"Apana," akasema Mama Riziki. Alikuwa ameshaishika simu yake kifuani kwa mikono miwili, ili isilie. "Mwanangu, apana."

Kwa mbali treni ikaanza kuja. Vyombo vikalia. Kitasa kikatetemeka kwenye mlango. Koko akafungua kinywa, na ile sauti ya msichana ikatoka ndogo sana, ya mtu aliyekwisha kuchoka kubisha na anayebisha mara ya mwisho kabla ya kuondoka.

Niliogopa, sikudanganyi. Nikasema, "Karibu, Koko. Karibu, ingia."

Treni ikapita. Kitasa kikatulia. Koko alinitazama kwa muda, kisha akaangalia chini, akauinua mguu wake mzima, na kwa kuuburuza sakafuni akalisukuma lapa la mguu huo, mpaka likamvuka. Alikuwa anavua viatu. Alikuwa anafanya anachofanya mtu aliyekaribishwa, mlangoni, kabla hajaingia. Ule mguu mwingine haukumtii, akauangalia, akangoja. Nilipiga magoti nikamvua lapa la pili. Aliweka mkono wake wa kushoto kichwani pangu na kuvuta pumzi ndefu, na nikamwona amekaa kwenye kile kiti, amekaa kweli, kama mtu aliyefika.

Simu ya Mama Riziki ikalia.

Hakuna aliyejongea. Ililia mpaka ikakata, ikaanza tena, na Bi Mwajuma akaichukua mwenyewe mikononi mwake na kuipokea. Alikuwa mama mmoja wa kanisa anaomba lifti ya Jumapili. Mama Riziki alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha. Bi Mwajuma hakungoja mambo yatulie, alianza kutuagiza tumpake Koko asali chini ya ulimi kila asubuhi, dawa ambayo haimsaidii mtu wa kiharusi hata kidogo, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kesho yake nilikwenda chuoni. Korido ilikuwa ndefu kama ile ya Columbus na mlango ulikuwa wazi nusu vilevile. Nikasema hodi, kwa sauti ya kusikika, nikaingia. Waliponiuliza kwa nini naitaka kazi hii, lile jibu la kuwapa watu sauti lilikataa kutoka. Niliwasimulia habari ya nyumba ya pazia, na ya mwanamke aliyebakiwa na neno la kuomba kuingia, analolisema kwa sauti ya msichana. Mzee mmoja mwenye miwani akaniuliza kama nadhani atapata maneno mengine. Nikasema sijui, pengine hatapata, lakini hilo moja lina jibu lake na mimi ninalo. Akaniuliza ile sauti ya ujana ilitoka wapi. Hilo nalo nikasema sijui.

Nilirudi Louisville kupanga vifurushi. Columbus wakakataa. Aprili ilipofika, wakati wa mapumziko, nikaiona barua pepe ya Buffalo, nikaisoma nimesimama katikati ya maboksi. Walinikubali. Nikampigia Mama, kisha nikampigia Baba Mdogo, nikamwambia nakuja, amwambie Koko kwamba nakuja kukaa.

Nyuma yake, wazi kabisa, nikasikia: "Karibu."

Haikuwa sauti ya msichana. Ilikuwa sauti ya Koko, ileile ya nyuma ya pazia la kitenge, siku ya mvua. Nilimwomba Baba Mdogo ampe simu niongee naye.

"Nani?" akauliza. "Koko amelala kule yulu, mu chumba yake. Niko mwenyewe humu, bote bako inje."

Nilihamia Buffalo mwezi wa nane, nikaishi nao mpaka Koko alipotuaga, majira ya baridi ya mwaka uliofuata. Alisema hodi kila siku ya Mungu, na kila siku aliitikiwa, hata na wale watoto wa visikizi, tena kwa Kiswahili. Neno karibu hakulisema, si mbele yangu wala mbele ya mwingine yeyote. Nimelisikia mimi tu, ghalani, ndani ya simu. Sijalitafutia maelezo na sina haja nayo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uiandike kama unapenda kuandika. Kabla hujawaambia watu wa chuo kwamba unataka kuwafundisha watu kusema, angalia nyumbani kwenu ni nani anayesema na hajibiwi. Pengine ni nyanya mwenye neno moja. Pengine ni mama yako, anakuita kwa Kiswahili na wewe unaitikia kwa mabega. Mjibu huyo kwanza, hata kama unaogopa, hata kama hujui kitakachoingia. Na ukifika kwenye milango yao, bisha, kisha ingia, usife njaa barazani kwa adabu. Mtu akikuambia neno lisiloeleweka, usitazame mlango. Mtazame yeye.

Nenda, Mungu akufungulie unapobisha. Akupe masikio kabla ya cheti. Na siku itakapofika, maana inaweza kumfika yeyote, siku utakayobakiwa na neno moja tu kinywani, akuwekee karibu yako mtu wa kuliitikia. Amina.